Kompyuta Iliyolilia Jina

Ijumaa saa nne asubuhi, fundi Terry alifungua kompyuta ya Ignatius kwenye meza yake sokoni Kibuye, pembeni mwa Mama Rosa muuza mapazia. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki.

"Inalia tangu lini?"

"Jumatatu," alisema Ignatius, karani wa ofisi inayogawa vibanda vya soko jipya la Nyamasaria. "Na bosi hataki kusaini orodha ya vibanda huku kitu kinamlilia. Anasaini leo saa nane."

Kwenye benchi alikaa Nasambu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akingoja simu yake ijae chaji. Miaka tisa alikuwa ameuzia mvuani, na alikuwa amejiandikisha kupata kibanda kati ya watu wa kwanza.

"Kijana, changu ni namba ngapi?"

"Mama, orodha itabandikwa Jumatatu."

Terry alipuliza vumbi, akawasha. Kompyuta ikalia. Feni zilikuwa tatu, na fundi mwenye adabu hamshuku mtu kabla ya kumsikiliza. Aliishika ya nyuma kidogo, katikati, kwa kijiti cha kusafishia masikio. Kilio kikaendelea. Akashika ile iliyo juu ya prosesa, sekunde mbili tu isipate moto. Kilio kikaendelea. Ya kisanduku cha umeme haiguswi, kwa hivyo alikunja gazeti likawa mrija, akasikiliza. Ilikuwa inanguruma vizuri tu, kama paka aliyeshiba.

Akachomoa waya ukutani. Feni zote zikasimama. Kompyuta ikaendelea kulia, sasa kwa kwikwi.

"Basi si feni," alisema Terry, akaweka bisibisi chini.

"Huyo anataka jina," alisema Mama Rosa, akiendelea kukunja pazia. "Mtoto akilia hivyo unamtajia wafu wa ukoo, mmoja mmoja. Akinyamaza, ujue huyo ndiye amekuja, jina ni lake."

"Kwetu Bungoma pia ni hivyo," alisema Nasambu.

"Kompyuta haina ukoo," alisema Ignatius.

"Ina watu imewabeba. Wewe soma wafu wako, wacha maneno."

Ignatius alitoa nakala ya orodha kwenye bahasha. Walioandikwa marehemu walikuwa kumi na mmoja, na vibanda vyao vilikuwa vimepewa wengine.

"Bildad Ooko."

Kilio.

"Sheryl Adoyo."

Kilio.

"Nasambu Wekesa."

Kimya.

"Niko!" aliitika Nasambu.

Mama Rosa alikuna shingo. Kwa desturi, aliye hai haji. "Nasambu, ulikufa lini?"

"Aprili nilishikwa na malaria. Lakini nilipona."

"Hapa hukupona," alisema Ignatius, kidole kwenye karatasi. "Tarehe tatu Aprili. Kibanda mia moja na kumi na nne. Sasa ni cha shemeji ya bosi."

"Basi nifufue. Saa nane bado."

"Mama, mimi nilitumwa feni. Kufufua ni idara nyingine. Leta barua ya chifu."

"Aseme niko hai?"

"Aseme ulikufa kimakosa."

Nasambu alichukua boda mpaka kwa chifu. Chifu alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaeleza kwamba barua ya marehemu huchukuliwa na jamaa zake, si marehemu mwenyewe. Jamaa walikuwa Bungoma. Saa nane bosi alisaini, kompyuta imerudi bila kilio, ofisi ikiwa tulivu kama kanisa siku ya Jumanne.

Jumatatu shemeji alifungua mia moja na kumi na nne, akatundika kava za simu. Nasambu alitandika gunia mbele ya mlango, akamwaga omena.

Saa sita askari wa soko walikuja kufukuza wanaouzia chini. Nyanya ziliviringika, watu walikimbia na ndizi kichwani. Nasambu hakukimbia. Askari mmoja alisimama mbele yake.

"Jina?"

"Nasambu Wekesa."

Alipekua orodha yake, akalipata kati ya marehemu. Alivua kofia, akalizunguka lile gunia polepole, akiangalia asikanyage, kama mtu anayepita kando ya kaburi.