Vita vya Jumamosi Saa Kumi

Bhoke alikuwa anapindia sketi ya shule barazani kwake Mwisenge, Musoma, simu ilipolia mlio wa mchezo. Ujumbe ulitoka kwa Gody, kijana wa Bunda ambaye hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana.

"Shikamoo mama. Kikosi chetu kinatangaza vita juu ya bonde lenu. Tutakuja Jumamosi saa kumi jioni, saa mliyoichagua wenyewe."

"Marahaba. Karibuni," Bhoke aliandika, akaendelea kupindia.

Bonde hilo walilipata yeye na mumewe, Felisian, katika mchezo ambao watu hucheza pamoja, kila mmoja kwenye simu yake. Walijenga ngome, wakafuga ng'ombe. Sheria zilikuwa wazi. Eneo lenye mwenyewe halivamiwi bila kutangaziwa vita. Mwenyewe ndiye huchagua saa. Vita vikiisha, hupewa muda wa kupumzika kabla ya kuvamiwa tena.

Felisian alifariki wakati wa masika. Simu yake ilikuwa kabatini, imezimwa.

Jumamosi, saa kumi ilipokaribia, Felisian aliingia uani amevaa buti zenye tope la bondeni. Bhoke alimsogezea kigoda, akammiminia chai.

"Umekonda," alisema.

"Kule kazi nyingi. Ng'ombe wamezaa."

Alimaliza chai, akaingia kwenye simu ya mkewe, na Bhoke akamwona amesimama langoni mwa ngome. Walipigana pamoja mpaka kina Gody wakashindwa kuishika bendera ya ngome.

"Hongera mama. Pumzikeni sasa," Gody aliandika, akaondoka na watu wake.

Felisian alitoka kwenye simu, akanawa mikono.

"Kesho twende Nyamuswa," alisema. "Tukaone na shamba letu."

Bhoke hakuwa amemwambia kwamba shamba limechukuliwa. Alimpa taulo tu.

Walipanda basi la kupitia Butiama. Abiria mmoja alimwomba Felisian asimchafue kwa tope, naye akaomba radhi. Nyamuswa walimkuta Mashimba, kaka mkubwa wa Felisian, analima kwa ng'ombe. Alikuwa amelima shamba zima hadi ukingoni mwa kaburi la Felisian. Mlango wa nyumba ya Felisian na Bhoke ulikuwa na kufuli jipya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibuni."

"Ulimwambia Bhoke kwamba unachukua shamba?"

"Ningemwambia saa ngapi? Alikuwa anakulilia. Tuliingia tu, tukafunga."

"Hata kupumzika hukumwacha."

"Wewe umeshakufa, mdogo wangu. Shamba ni la ukoo."

Felisian alilifikiria hilo. Aliomba maji. Alipoletewa, alimpa Bhoke anywe kwanza.

Ndani ya basi Bhoke alimwegemea begani.

"Nilikuwaga nafikiri ukirudi, ataliachia."

"Hata mimi," Felisian alisema, akamshika mkono mpaka Musoma.

Tangu hapo huja kila Jumamosi. Mashimba alipanda pamba, ikastawi. Wakati wa kuvuna alimpigia Bhoke, akauliza kama Felisian anaweza kwenda kumsaidia kubeba, maana mgongo unamsumbua.

Felisian alikubali. Bhoke alimfungia viazi na sato wa kukaanga, akamwambia asichelewe kurudi.