Nzi wa Manyoya wa Harub

Harub alizaliwa Tukuyu, kule kwenye baridi na mvua, na akiwa mtoto, mzungu mmoja wa shamba la chai alimfundisha kuvua samaki wa vijitoni kwa nzi wa uongo. Nzi huyo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku kwa uzi. Unaitupa juu ya maji kwa ustadi, samaki anadhani ni mdudu kaanguka, anaruka kumdaka. Familia ilipohamia Oman na kukaa Ibra, wenzake walikuja na masanduku na cherehani. Harub alikuja na ujuzi huo, ambao Ibra haikuwa na haja nao hata kidogo.

Lakini hakuuacha. Kila mwaka baridi ilipoanza kulegea na mvua kuacha maji ndani ya wadi, yale mabonde ya mawe ya milimani, Harub aligeuka mtu mwingine. Siku nyingine zote alikuwa meneja mwenye miwani, tai na maneno ya heshima. Majira hayo alikuwa akimkimbiza jogoo wa jirani kwa ajili ya manyoya ya shingo, na kuiba nyuzi kwenye kikapu cha mkewe. Meza ya kulia ilijaa nzi. Rahila, mkewe, mtu wa familia ya Unguja mjini, aliwaambia mashoga zake: "Mume wangu hana mke wa pili, alhamdulillahi. Ana manyoya."

Na samaki wenyewe wa wadi, mkubwa wao hajai kiganja.

Mwaka jana mambo yaliingia kwa mlango wa posa. Manar, binti yao, ni mfamasia huko Nizwa, na huko ndiko alikokutana na Luay, mhandisi wa kutoka Sur, mji wa pwani. Wakapendana kwa adabu, wazee wakaambiwa, na Zakariya, baba yake Luay, akaja Ibra kula chakula cha mchana. Zakariya alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya pili, na ndevu nyeupe zilizochanwa na kutiwa mafuta ya udi. Ujana wake wote alivua jodari na nguru huko Ras al Hadd. Siku hizi ana maboti na watu wa kuyaendesha, lakini mikono yake bado ni ya kuvuta.

"Na nyie watu wa bara," aliuliza huku anamenya chungwa, "huku mnavua nini? Vumbi?"

Kila mtu akacheka. Harub naye akacheka, kisha akasema maneno ambayo Rahila alitamani amtie tonge mdomoni kabla hajayamaliza.

"Samaki wa baharini, sheikh wangu, ni mjinga. Anaona nyama, anameza. Samaki wa wadi ana akili. Mtu akimpata yule, ndiye mvuvi."

Zakariya aliliweka chungwa chini. "Nionyeshe."

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo lilikuwa halijasemwa. Zakariya alikuwa amejenga ghorofa ya juu nyumbani kwake Sur kwa ajili ya mwanawe na mkewe mtarajiwa, na alishatundika mpaka mapazia. Manar hakutaka kuacha kazi yake Nizwa, na kazi ya Luay nayo iko huko huko. Luay, kijana wa miraba minne, kila alipoambiwa azungumze na baba yake alishikwa na kikohozi. Ikaamuliwa Harub ndiye aseme, mzee kwa mzee.

"Utamwambia lini, baba?" Manar aliuliza. "Mimi ile ghorofa sitaki. Nzuri, bas sitaki."

"Huko huko wadini. Mtu akivua moyo wake unakuwa laini. Mimi nawajua wavuvi."

"Na kama hajapata kitu?"

Hilo Harub alikuwa hajalifikiria.

Ijumaa ile walikwenda Dima wa Tayyin, milimani, gari mbili. Lami ilipokwisha wakaziacha gari na kutembea juu ya kokoto, Rahila akiwa na masufuria kama anayehama nyumba. Wakafika kwenye dimbwi refu chini ya mitende, maji yanaingia huku na kutoka kule polepole. Jua lilikuwa bado halijashuka bondeni. Harub akachutama, akatia mkono majini, akautoa haraka.

"Bado," alisema kwa sauti ya daktari. "Majira haya samaki hakimbiliwi. Maji baridi, yeye kalala chini ya jiwe. Ngoja jua ligonge mawe, wadudu watoke. Hapo ndipo atakapopanda juu."

"Wa kwetu hawangoji jua," alisema Zakariya.

"Wa kwenu hawana mawe ya kulalia."

Tatizo la pili lilikuwa mavazi. Harub alivaa kanzu kuukuu ya rangi ya udongo. Zakariya alikuja na dishdasha, kanzu nyeupe ya Kiomani iliyopigwa pasi hata ungeweza kukata mkate kwa mikunjo yake, maana kwake huu ulikuwa mwaliko wa wakwe.

"Maji haya safi kama kioo," alisema Harub. "Samaki akiona kitu cheupe kinatembea, huna samaki mpaka Idi."

Rahila akaenda garini, akaleta blanketi la kahawia linalotandikwa chini ya mbuzi siku za machinjo. Lilifuliwa, lakini lilikuwa na kumbukumbu zake. Zakariya alilinusa, akamtazama mwanawe, akajifunika.

"Na uiname, sheikh. Kivuli chako kisiguse maji."

"Niiname?"

"Au utambae. Kutambaa ndiyo bora."

Basi wanaume wawili wenye heshima zao, mmoja wa Ibra na mmoja wa Sur, wakatambaa juu ya kokoto mpaka ukingoni, wakalala kifudifudi. Luay alijifanya anatazama mlima, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Harub akaona hapa ndipo pake. "Sheikh Zakariya, kuna jambo la watoto wetu nilitaka—"

"Sss!" Zakariya alikuwa amemwona samaki, kivuli chembamba kando ya jiwe. "Si umesema wanasikia?"

Kweli Harub alikuwa amesema hivyo, njia nzima, kwa kirefu. Akanyamaza. Baada ya kitambo akajaribu tena, akapigwa kiwiko. Mara ya tatu hata mdomo hakuufungua vizuri. Alivuta pumzi tu, na kidole cha Zakariya kilikuwa tayari kimesimama hewani.

Akaona afadhali avue. Akapiga magoti, akainua ufito wake mwembamba, na mshipi ukaenda nyuma na mbele juu ya kichwa chake kwa uzuri ambao hata Rahila hakuweza kuubisha. Nzi akatua majini kama unyoya wa kweli. Samaki akapanda, akamtazama, akamzunguka, akarudi jiweni kwake. Harub akatupa tena, na safari hii mshipi uliporudi nyuma ulikwenda kunasa juu ya mkunazi. Nzi wa pili naye akapanda mkunazini. Wa tatu alimfuata mwenzake.

"Huo mti unavuliwa vizuri," alinong'ona Zakariya. "Lete."

"Taratibu lakini. Si kwa mkono wa jodari. Kifundo tu cha mkono."

Zakariya akasimama na blanketi lake. Alivuta ufito nyuma kama mtu anayetaka kutia nanga, akausukuma mbele kwa nguvu zote za Ras al Hadd. Mshipi ulipiga kelele hewani, ukajikunja, ukageuka, na nzi akarudi mbio na kuzama ndani ya ndevu zake.

"Usivute!" watu wote walipiga ukelele.

Lakini alikwisha vuta. Ndoana ikajizungusha, manyoya ya jogoo na ndevu zikawa kitu kimoja. Harub akaja mbio, akajaribu kwa vidole, akazidisha mafundo. Kisha akatoa mkasi mfukoni.

Zakariya alizifumbata ndevu zake kwa mikono yote miwili. "Mkasi? Ndevu hizi hazijaonja mkasi tangu niliporudi Hija!"

"Mwacheni Manar," alisema Rahila. "Yeye ana mikono ya dawa."

Manar akanawa, akatoa kwenye mkoba kibanio chake cha nyusi, akamkalisha baba mkwe wake mtarajiwa juu ya jiwe. "Ammi, inua kidevu. Usitikisike. Na usiseme, midomo ikienda na ndoana inakwenda."

Zakariya akatulia ndani ya blanketi, kidevu juu, ndevu mikononi mwa binti wa watu. Manar akaanza kutoa unywele mmoja mmoja. Akamtupia baba yake jicho. Harub alikuwa anawatazama nzi wake juu ya mkunazi. Manar akamtupia Luay jicho. Luay akakohoa.

Hapo Manar akajua kuwa akiwangoja hawa, atangoja mpaka wajukuu.

"Ammi," alisema, bila kuacha kazi, "ile ghorofa Luay kanionesha picha yake. Wallahi nzuri. Mapazia nimeyapenda sana. Lakini kazi yangu Nizwa, na yake Nizwa. Tukikaa Sur tutaishi barabarani. Tunataka tukae Nizwa, na wikendi tuje kwenu. Sikutaka uje kusikia kwa mtu mwingine."

Zakariya alitoa sauti kooni.

"Usitikisike, ammi. Bado kidogo."

Mwisho nzi akatoka, kavurugika lakini mzima, na wala unywele haukukatika. Zakariya akazipapasa ndevu zake toka juu mpaka chini, kisha akawatazama wote.

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Sote," alisema Rahila, ambaye hakuwa na tabia ya kuzungusha maneno.

"Na wewe, Sheikh Harub?"

"Mimi nilikuwa nakwambia. Ukaninyamazisha."

"Mimi?"

"Kwa ajili ya samaki."

Zakariya hakucheka. Aliliacha blanketi likaanguka, akaenda mwisho wa dimbwi peke yake, akavua viatu, akatia miguu majini na kuwapa mgongo. "Mapazia nilichagua mwenyewe," walimsikia akiyaambia maji. "Duka zima nilizunguka."

Macho ya Manar yakajaa machozi. Luay aliinuka amfuate baba yake, Rahila akamshika mkono. "Mwache. Mtu mzima akisusa anapewa nafasi na pilau. Nafasi kwanza."

Wakatandika mkeka. Pilau ikafunuliwa, hakuna aliyeigusa. Harub alikuwa anajiona mjinga wa kupindukia, na alikuwa anatafuta neno la kumwendea nalo mwenzake, asilipate. Ndipo jua likaruka ukingo wa mlima na kushuka bondeni kote mara moja. Mawe yakaanza kutoa joto. Wadudu wadogo wakainuka juu ya maji kama vumbi linalong'aa, na chini ya kila jiwe, samaki wakatoka.

"Yaa!" Zakariya aliruka. "Wananiuma!"

Hawakuwa wanamuuma. Walikuwa wanakula ngozi kavu ya nyayo zake, kama ilivyo kawaida ya samaki wa wadi kwa kila mtu anayetulia. Zakariya alijikaza, akakunja uso, akashindwa. "Wananitekenya! Luay! Wallahi wananitekenya!" Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akanyamaza ghafla, na Harub, aliyewajua wavuvi, alijua kule kunyamaza ni kwa nini.

"Harub," alisema Zakariya bila kugeuka. "Lete ile fimbo yako. Polepole."

Hakuutupa mshipi. Alimshusha yule nzi aliyetoka ndevuni katikati ya miguu yake miwili, karibu na dole gumba, akangoja.

"Si hivyo!" Harub alilalamika. "Lazima utupe! Huko ni kumtegea kwa miguu!"

"Samaki wako ana akili au hana?"

Mshipi ukatikisika. Zakariya akauinua, na mwishoni mwake alikuwa anameremeta samaki mwenye urefu wa kidole cha mwisho. Takbira aliyoitoa iligonga mlima huu ikarudi na mlima ule. Mbuzi waliokuwa wakila majani mteremkoni walikimbia. Aliyekwisha vua jodari wanaobebwa na watu wanne alisimama na samaki yule kiganjani akimwonyesha kila mtu.

"Picha, Luay! Picha! Mimi nirudi nyuma, yeye mbele, aonekane mkubwa."

Picha zikapigwa nyingi. Kisha Harub akasema kwa upole, "Sasa tunamrudisha."

"Tunamrudisha wapi?"

"Majini. Ndiyo desturi. Huyu hata paka hamtoshi."

Zakariya alimtazama Harub kama aliyeambiwa arudishe mahari. Akamtazama samaki. Akainama, akakiweka kiganja chini ya maji. Samaki akakaa humo kidogo, akapata nguvu, akaondoka. Zakariya aliendelea kuutazama mkono mtupu.

"Luay," alisema, "huko Nizwa kuna wadi?"

Luay safari hii hakukohoa. "Zipo, baba. Tanuf ipo. Birkat al-Mawz."

"Majira haya zina maji?"

"Mvua ikinyesha zina maji na samaki."

Zakariya akafikiri, huku anakamua upindo wa dishdasha yake. "Basi hiyo nyumba mtakayopanga iwe na chumba changu. Na mama yako nitamwambia mimi." Akasita. "La. Manar, utamwambia wewe. Wewe ndiye mwenye ulimi katika watu hawa."

Manar alicheka na kulia pamoja, akambusu paji la uso. Pilau ilikuwa imepoa, wakaila yote. Zakariya alikula jicho moja likiwa majini. Harub alirudi ukingoni, akatupa mshipi hadi Rahila alipokunja mkeka, na hakupata hata mmoja.

Ndoa ilifungwa Ibra baada ya Idi. Siku hizi Zakariya na mkewe huenda Nizwa mara kwa mara, na Harub hualikwa. Juzi walikwenda Tanuf baada ya mvua kubwa. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, hayaonyeshi samaki wala jiwe, na upepo baridi ulikuwa ukishuka mlimani. Wakakaa ndani ya gari, vioo vimefungwa, wakala mandazi na kubishana ni nani kati yao aliyesahau chupa ya chai.