Stika ya Njano

Skrubu ya mwisho ndiyo iliyokuwa chini ya stika. Nyingine zote Jolene Kangas alishazitoa na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo la siagi ya karanga, kila moja upande wake kama ilivyokaa chini ya laptopu, kwa kuwa ndefu na fupi zikichanganyika mtu anaweza kutoboa kitu asichokiona. Ilibaki hiyo ya katikati. Juu yake palibandikwa kiduara cha karatasi ya njano, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye nembo ya duka.

Hakusita. Kwa miaka mingi alikuwa akifungua mashine za majirani juu ya meza hiyo hiyo ya jikoni, na mikono yake ilikuwa na desturi ya kutangulia mbele ya mawazo. Bisibisi ilipasua karatasi, ikaingia, ikazunguka.

Kaka yake Dale alikuwa amesimama kando ya jiko, anakula pasti, andazi la kuoka lenye nyama na viazi, makombo yakimwangukia kwenye soksi.

"Juzi tu umekileta nyumbani, leo umekitoa matumbo," alisema. "Maskini hata hakijazoea."

"Inakwama katikati ya gemu. Na skrini inasema RAM, kumbukumbu ya mashine, ni nusu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Huenda moja imelegea tu."

"Huenda," Dale alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jolene alipachika kadi nyembamba ya plastiki kwenye ukingo, akaitelezesha pole pole hadi kifuniko kikaachia. Kulikuwa na nafasi mbili za RAM. Moja ilikuwa tupu. Kwenye nyingine palikaa kipande cha zamani cha rangi ya kijani, lebo yake imekwanguliwa kwa kucha, cha kampuni ambayo haikuwahi kuhusiana na mashine ile.

Basi ilieleweka. Mtu alinunua laptopu mpya ya kuchezea gemu, akatoa RAM zake mbili nzuri, akaweka takataka hii, akairudisha dukani akisema hakuipenda, akarudishiwa pesa. Duka likaiweka kwenye rafu ya maboksi yaliyofunguliwa, kwa bei iliyokatwa karibu nusu. Na Jolene, aliyekuwa ameizungukia rafu ile majira yote ya baridi kama paka anayezunguka sahani, akaibeba.

"Sasa hapa aliyeibiwa ni nani?" Dale aliuliza. "Wewe au wao?"

Jolene alikuwa anakitazama kile kiduara cha njano, kilichobaki vipande viwili pembeni mwa tundu la skrubu. Stika ile hubandikwa na duka lenyewe, baada ya kukagua kitu kilichorudishwa na kabla ya kukiuza tena. Ingekuwa nzima, ingemsemea: tangu mashine hii itoke dukani, hakuna aliyeifungua. Sasa ilikuwa imepasuka, na aliyeipasua ni yeye.

Dale naye alishaelewa. Aliacha kutafuna.

"Jumatatu si ndiyo unaanza kazi pale?"

"Ndiyo."

"Kwenye meza ya mafundi."

"Dale, najua ninapoanza kazi."

Jolene alikuwa akifua mashuka ya hospitali tangu alipomaliza shule. Ufundi alijifunza kwenye mashine mbovu alizookota, akiharibu tatu ili aponye moja. Hakuwa na cheti. Roy Vandermolen, meneja wa duka, alimpa simu iliyokufa na kumtazama akiifanyia kazi, halafu akamwambia aje Jumatatu. Duka lilikuwa na sheria inayojulikana mji mzima: mteja akishukiwa kubadilisha vipuri na kurudisha, hapewi kitu, na jina lake linapelekwa kwenye matawi yote. Kwa mtu anayetaka kuketi kwenye meza ya mafundi, jina hilo lisingehitaji hata kupelekwa mbali.

"Nikwambie kitu, mdogo wangu," Dale alisema. "Nunua RAM, pachika, funga, nyamaza. Punguzo ulilopata ni kubwa, bado utakuwa umefaidika. Nani atajua?"

"Kuanzia Jumatatu stika hizo nitakuwa nabandika mimi."

"Hiyo mbona ni sababu nzuri zaidi ya kunyamaza."

Jolene aliifikiria kauli hiyo kwa haki, maana Dale hakuwa mjinga. Aliifikiria huku akirudisha kifuniko bila kukaza skrubu, na huku akivaa koti.

"Inawezekana," alisema, akachukua funguo za pikapu.

*

Kwenye kaunta ya kurudisha bidhaa alikuwapo Bernie, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, anayemjua kila mteja kwa kitu alichowahi kurudisha.

"Mfanyakazi mpya," Bernie alisema. "Hata hujavaa fulana ya kazi, umeshaanza kurudisha vitu?"

"Nahitaji kumwona Roy."

"Kila mtu anahitaji kumwona Roy. Lete kwanza nione." Aliigeuza laptopu, akavaa miwani. Uso wake haukubadilika sana, ila alikiondoa kidole chake kwenye tundu la katikati kana kwamba lilikuwa la moto. "Jolene. Hii stika."

"Nimeipasua mimi. Leo mchana."

"Na ndani?"

"Ndani si RAM zake. Nimekuta hivyo."

Nyuma ya Jolene kulikuwa na mzee mwenye kikaangio cha umeme na kijana mwenye televisheni kwenye toroli, na wote wawili walikuwa wamenyamaza kimya cha watu wanaosikiliza.

"Mama yangu," Bernie alisema chini chini. "Usirudie hayo maneno kwa sauti. Subiri hapo."

Roy alikuja akifuta mikono. Alikuwa mrefu, mwenye vidole vilivyovimba kwenye viungo, mtu wa kuongea kidogo. Aliwapeleka wote wawili nyuma, kwenye meza ya mafundi, akamwachia mfanyakazi mwingine kaunta. Akakifungua kifuniko, akawasha taa ya meza, akakitazama kile kipande cha kijani.

"Eleza," alisema.

Jolene alieleza: gemu lilivyokwama, alichokiona kwenye skrini, alivyodhani RAM imelegea. Alipofika kwenye stika alisema tu kwamba aliiona na akaipasua, kwa sababu alizoea kufungua.

"Ungeileta bila kuifungua," Roy alisema, "tusingekuwa na mazungumzo haya."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nina mashine iliyofunguliwa, RAM hazipo, na mtu anayejua kuzitoa kwa dakika mbili."

"Ndiyo."

"Unaitikia itikia tu," Bernie alisema. "Jitetee basi, ndugu yangu."

"Sina cha kujitetea nacho. Nilichokuwa nacho nimekipasua."

Roy alikaa kwenye stuli. Kwa kitambo alisugua kiungo cha kidole kimoja. "Aliyeirudisha hii alirudisha kitu kingine?"

Bernie alikwenda kwenye kompyuta, akarudi. "Jina lake lipo. Hii na nyingine mbili za aina hiyo hiyo, majira haya ya baridi. Zote ziko kwenye rafu, hazijauzwa. Alisema mwanawe hapendi rangi ya taa za kibodi."

"Mara tatu?"

"Watoto wana maoni siku hizi."

Roy hakucheka. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye rafu, akarudi na laptopu mbili kifuani, akaziweka mezani chali. Katikati ya kila moja palikuwa na kiduara cha njano, kizima, kisicho na mkunjo.

Sasa Jolene aliiona hesabu yote. Ikiwa chini ya stika hizi nzima kulikuwa na takataka, basi mwizi ni yule mteja, na yeye hana kosa ila haraka. Ikiwa zilikuwa salama, basi mashine pekee iliyoibiwa ilikuwa ile iliyolala jikoni kwake.

"Rudi nyuma kidogo," Roy alimwambia. "Usiguse chochote. Nafungua mimi."

Alirudi hadi mgongo wake ukagusa kabati. Roy aliipasua stika ya kwanza, akaanza na skrubu. Vidole vyake vilikuwa vizito. Bisibisi ilikuwa kubwa mno kwa vichwa vile, ikateleza, akairudisha, ikateleza tena. Jolene aliona ile iliyofaa, yenye mpini mwekundu, ikiwa imesimama kikombeni mbele ya Roy, na akalazimika kutazama dari.

"Nyekundu," alisema hatimaye.

Roy aliichukua nyekundu. Skrubu zikatoka. Kifuniko kikaachia, Bernie akainama, kichwa chake kikaziba taa.

"Sogea," Roy alisema.

Bernie akasogea. RAM zilikuwa mbili, nyeusi, lebo safi, namba sawasawa na za kwenye boksi.

Mbele ya duka mtu alijaribu spika, muziki ukalia kwa nguvu, ukakatika. Bernie alivua miwani, akaiacha ining'inie, na safari hii hakumwita Jolene mama wala ndugu.

"Hii nzima," alisema.

"Nimeona."

"Nasema tu."

"Nimeona, Bernie."

Jolene alihisi jasho likimshuka ndani ya koti, lakini hakutaka kulivua. Mtu anayevua koti anaonekana kama anakaa. Alijiuliza kama yule mteja kweli alikuwa na mtoto asiyependa rangi fulani. Watu wa namna hiyo wapo. Inawezekana RAM zilitolewa na mtu mwingine kabisa, hapa hapa nyuma, na inawezekana Roy naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, ila kwa jina la Jolene.

Roy aliivuta ya tatu. Stika ikapasuka. Skrubu za pembeni zikatoka vizuri, kisha akafika ya katikati, na pale bisibisi ikazunguka bila kushika. Akabonyeza zaidi. Ikazunguka tena. Akainua mashine kwenye mwanga.

"Kichwa kimeliwa," alisema.

Jolene alipiga hatua moja mbele kabla hajajizuia, akasimama. Kutoka pale aliweza kuona: msalaba wa skrubu umekuwa duara, umetafunwa na mtu aliyetumia bisibisi isiyo saizi yake, kwa haraka. Kiwandani hawafungi hivyo.

"Umekitafuna wewe sasa hivi," Bernie alimwambia Roy, "au umekikuta?"

Roy alifikiri. Ilionekana wazi kwamba angependa kuwa na jibu. "Sijui. Ya kwanza iliniteleza. Hii ilizunguka mara ya kwanza nilipogusa, lakini siwezi kuapa."

"Weka mpira kati ya bisibisi na skrubu," Jolene alisema. "Ule wa kufungia noti. Saa nyingine hushika."

Bernie alitoa mmoja kwenye droo. Roy akautandika, akabonyeza, akazungusha taratibu. Mpira ukakatika. Akaweka mwingine, skrubu ikatikisika kidogo, au ilionekana hivyo, kisha ikagoma. Kwenye vipaza sauti, sauti ya msichana ikawatangazia wateja kwamba duka linafungwa.

"Itabidi kuitoboa," Roy alisema. "Na kuitoboa kwa vidole hivi, jioni hii, nitaharibu kilicho chini." Akaweka bisibisi mezani. "Wewe ungeweza?"

"Ningeweza," Jolene alisema. "Lakini siigusi."

"Sikukuomba uiguse."

Alichukua selotepu pana, akaizungushia laptopu ya tatu mara nyingi, urefu na upana, akasaini juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Akampa Bernie kalamu, naye akasaini. Kisha akamnyooshea Jolene.

"Nami?"

"Hasa wewe. Kesho saa tatu asubuhi, kabla hatujafungua. Nitaleta drili ndogo ya kwangu. Tutakata hii tepu wote watatu tukiwapo."

Jolene alisaini.

"Na Jumatatu?" aliuliza.

Roy alikuwa anaitazama ile laptopu ya Jolene, vipande viwili vya njano bado vimeng'ang'ania tundu.

"Stika hii niliibandika mimi," alisema. "Niliwasha, nikaona picha inakuja, nikafuta vitu vya mwenyewe, nikabandika. Sikuifungua. Hata ile skrini ya kuonyesha RAM sikuiangalia. Ilikuwa wiki ya sikukuu, rafu imejaa." Alisema yote bila kumtazama Bernie, ingawa ilikuwa dhahiri kwamba Bernie ndiye aliyetakiwa asikie. "Kwa hiyo ile ya tatu ikiwa nzima, siwezi kusema wewe hukufanya. Lakini siwezi kusema umefanya pia, na ubaya wa hapo ni wangu. Kwanza kesho. Halafu tutaona Jumatatu."

"Sawa."

"Ya kwako inabaki hapa usiku."

"Sawa."

Roy alizifungia zote tatu kwenye kabati la chuma na kuutia ufunguo mfukoni.

Nje upepo ulikuwa unatoka ziwani na theluji nyembamba ilikuwa inakimbia juu ya lami bila kutua. Jolene alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha pikapu Bernie alipopita akielekea gari lake, amejifunga skafu hadi puani. Alisimama.

"Nilikuhesabia kosa," Bernie alisema. "Ile ya kwanza ilipotoka nzima. Nilishakuhukumu kabisa."

"Niliona."

"Hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Hata mimi ningehesabu."

Bernie alipangusa theluji kwenye taa ya pikapu kwa kiganja cha glavu, taa moja tu, kama mtu anayetafuta la kufanya.

"Kesho ni siku yangu ya mapumziko," alisema.

"Basi pumzika."

"Nimesaini ile tepu, Jolene. Wakiikata mimi sipo itakuwa na maana gani?" Akaanza kwenda, akageuka. "Unakunywa kahawa yenye nini?"

"Maziwa tu."

"Saa tatu," Bernie alisema, na Jolene akarudi kukwangua, kwa kuwa upande wa abiria bado ulikuwa mweupe wote.