Kumjibia Mdogo Wangu

Binti wa kliniki alipokuja nyumbani mara ya kwanza, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akafungua daftari, akamgeukia mdogo wangu na kumwuliza, "Ungependa kufanya kazi gani?"

"Kazi nyepesi," nikasema. "Isiyo na watu wengi."

Aliandika kitu, kisha akamwuliza tena, "Kuna kazi uliyowahi kuifanya ukaipenda?"

"Hajawahi kufanya kazi," nikasema. "Ugonjwa ulimwanza akiwa mwaka wa pili chuo cha ufundi."

"Dada," akasema, kwa ule upole wa watu waliofundishwa upole darasani, "nilimwuliza yeye."

Nikafunga mdomo. Mdogo wangu alikuwa akijikuna kidole gumba, kama afanyavyo akiwaza, na muda aliouchukua ungetosha kuchemsha chai na kuinywa. Nilikaa juu ya mikono yangu. Mwishowe akasema, "Mahali penye mashine."

Nilicheka, nakiri. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, anayeziba masikio jirani akigonga msumari, leo anataka mashine. Binti wa kliniki hakucheka. Aliandika "mashine" na kupigia mstari.

Niseme tangu mwanzo kwamba simchukii yule binti. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia ajira watu waliougua akili kwa muda mrefu, ajira ya kweli yenye bosi na saa ya kuingia, kisha kuwa nao bega kwa bega mpaka wasimame wenyewe. Jambo jema. Ila mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa kwenye shughuli hiyo hiyo, bila daftari na bila likizo. Mama alipofariki aliniachia nyumba ya vyumba viwili na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyejua dawa ipi inamtia usingizi na ipi inamtetemesha mikono. Mimi ndiye niliyeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwenye shule ninakofanya kazi ya ukarani, mara nyingi hadi akawa akiniona mlangoni anasema "nenda" kabla sijafungua kinywa.

Ndani ya wiki tatu mashine zikapatikana. Zilikuwa kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali, nyuma ya barabara ya maghala. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na mikono myekundu, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Mvuke kwa sababu kila ukimwona anatokea kwenye wingu. Mdogo wangu aliwekwa kwenye mashine za kukaushia: anapakua shuka zikiwa za moto, anazitupia kwenye kitoroli, anazisukuma kwenye meza ya kukunjia. Kwa muda wa saa nne kila asubuhi, siku tano kwa wiki. Wiki ya kwanza binti wa kliniki alisimama naye mwanzo hadi mwisho, akipakua shuka pamoja naye. Wiki ya pili akawa anakuja kwa saa moja tu. Ya tatu akawa anapita, anasalimu, anaondoka.

Mimi nilikuwa nikifika getini wakati wa mapumziko, na chupa ya maji na dawa ya saa nne kwenye karatasi. Siku ya tano binti wa kliniki akanikuta hapo.

"Dada, dawa zake anazo mfukoni. Tulipanga naye."

"Na akisahau?"

"Simu yake inamkumbusha."

"Simu," nikasema. Nilirudi shuleni nikiwa nimekasirika kiasi cha kuweka fomu za darasa la tatu kwenye faili la darasa la sita.

Kilichonikosesha raha zaidi kilikuwa zile kelele. Siku moja lango lilikuwa wazi nikazisikia: mashine sita, kila moja kubwa kama kabati la nguo, zinanguruma kwa pamoja hadi ardhi inakutekenya miguuni. Nilisimama pale nikamwona mdogo wangu katikati, shati limemganda mgongoni. Nikawaza, huyu wanamuua. Sikumwambia binti wa kliniki, maana nilijua angeniambia tumwulize mwenyewe. Sikumwambia mdogo wangu, maana angesema "sawa tu", na "sawa tu" yake ina maana mia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mvuke.

"Mimi ni dada yake," nikamwambia. "Kelele zinamwathiri. Anaona haya kusema tu, lakini angeomba ahamishiwe mahali pa utulivu."

Alinitazama kidogo. "Amekutuma?"

"Mimi ndiye ninayemsemea," nikajibu, na ulikuwa ukweli wa miaka kumi na tisa.

Kesho yake akahamishiwa stoo ya vifungo. Kilikuwa chumba kidogo nyuma, chenye meza, taa moja na makopo ya vifungo, ambako mtu anakaa peke yake akikagua mashati ya wahudumu wa hoteli na kushona palipong'oka. Kimya kabisa, husikii hata gari likipita. Nilijisifu moyoni. Nilijiona mtu mmoja mwenye akili kati ya wote hawa wenye vyeti.

Siku ya nne mdogo wangu aliacha shati mezani, sindano ikiwa bado kwenye kitambaa, akatoka bila kumwambia mtu na kutembea hadi nyumbani. Niliporudi jioni nilimkuta bafuni, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, bomba limefunguliwa mpaka mwisho na maji yanafurika hadi ukumbini.

"Unafanya nini?" nikamwuliza huku nikifunga bomba.

Akalifungua tena. Nikalifunga. Akalifungua. Tulifanya hivyo kama watoto, mpaka nikapandwa na hasira nikamwambia mambo ambayo sitayarudia hapa, kuhusu maji, kuhusu kazi, kuhusu mimi na maisha yangu. Alinisikiliza akiwa amelikodolea macho lile bomba, midomo ikimtetema, akijibu kitu ambacho sikukisema mimi. Ndipo nilipojua sauti zimerudi kwa nguvu. Hakwenda kazini kesho yake, wala keshokutwa yake.

Siku ya tatu binti wa kliniki akaja, na mara hii upole aliuacha alikotoka. Alikuwa amemleta muuguzi asubuhi kumwona, dawa ikaongezwa kidogo. Sasa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wangu, mkoba begani.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Alikuwa anaendelea vizuri. Ghafla namkuta kwenye stoo, na Mama Mvuke anasema ni maombi ya familia. Familia ni nani?"

"Walimweka kwenye kelele," nikasema.

"Dada. Ni wewe?"

"Nyinyi mnakuja na madaftari yenu mnaondoka. Usiku nabaki naye mimi."

"Najua unabaki naye wewe. Nimekuuliza kama ni wewe."

Nikageuka nisimtazame. Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Mashine zikinguruma, siwasikii," akasema.

"Akina nani?" nikauliza, kama mjinga, baada ya miaka yote ile.

"Wale. Kwenye mashine wanazama. Nasikia mashine tu. Kule kwenye vifungo walinijaa chumba kizima."

Nikakumbuka ile ndoo, lile bomba.

"Mbona hukuniambia?"

"Lini?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, kama mtu anayeeleza njia kwa mara ya kumi. "Nikianza kusema unanijibia. Daktari akiuliza, unajibu. Mwenye duka akiuliza nataka sabuni gani, unajibu. Nimechoka, dada."

Binti wa kliniki alikuwa na adabu ya kutazama dirishani.

Jumatatu tulikwenda dobini wote watatu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, na nilikuwa nimeipanga hotuba yangu njiani. Mlangoni mwa ofisi mdogo wangu akageuka.

"Wewe subiri hapa."

"Lakini mimi ndiye niliyeharibu. Lazima nimweleze."

"Nitamweleza mimi."

Nikabaki kwenye benchi karibu na mzani wa vifurushi, dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Nilikuwa na hasira na wote, nikianzia kwa mdogo wangu na kuishia kwangu mwenyewe. Wafanyakazi walipita na vitoroli, wakanisalimu, wakanihurumia kwa macho, jambo lililozidi kuniudhi. Mara mbili niliinuka. Mara mbili nikakaa.

Walipotoka, Mama Mvuke ndiye aliyeniambia yaliyoamuliwa, na hata hapo alimtazama kwanza mdogo wangu kuona kama anaruhusu. Angerudi kwenye mashine za kukaushia. Siku za kusafisha mashine, zikizimwa, angevaa visikizio na kusikiliza redio, na hakuna atakayemwuliza kwa nini. Akizidiwa, atamwambia yeye msimamizi neno moja tu, "naondoka", kisha atampigia simu binti wa kliniki. Na kwenye fomu ya mtu wa kuitwa kukiwa na tatizo, jina langu lilishushwa chini ya la binti wa kliniki. Sasa nilikuwa wa pili.

"Haya," nikasema. Neno lenyewe lilinitoka kama mfupa.

"Na wewe ukiwa na wasiwasi," Mama Mvuke akaongeza, "mwulize yeye kwanza. Mimi nilikosea, sikumwuliza. Nimemwomba radhi."

Nami nilimwomba radhi mdogo wangu, hapo hapo kwenye korido, bila hotuba. Akasema "sawa tu", na nikajizuia kuuliza ana maana gani.

Nisidanganye kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Mwezi wake wa nne kazini alikosa wiki nzima. Alikwenda kliniki mwenyewe, na mimi nikapata habari baada ya siku mbili, kama jirani. Nililia kwa hasira kwenye choo cha shule. Bado huwa naanza kumjibia: mtu akimwuliza habari, mdomo wangu unafunguka wenyewe, naye ananitazama hadi unafungika. Binti wa kliniki huja mara moja kwa mwezi sasa, wanakaa uani wanaongea, na sisogei dirishani, au nasogea kidogo tu.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alimleta nyumbani mwenzake wa meza ya kukunjia, bwana mmoja mfupi mwenye maneno mengi. Hakuniambia kama analeta mgeni. Walitazama mpira, wakamaliza chakula nilichokiweka cha kesho, wakabishana kuhusu refa hadi nikatoka chumbani kuangalia kuna nini. Hakukuwa na kitu. Mgeni alipoondoka, sufuria, sahani na vikombe vilikuwa vimerundikana kwenye karo.

"Vyombo," nikamwambia.

"Nitaosha."

"Lini?"

"Dada, nimesema nitaosha."

Nilisimama pale jikoni, mikono ikiniwasha kuchukua sifongo. Kisha nikaenda kulala. Vile vyombo vilikaa kwenye karo hadi Jumanne.