Theluji Chini ya Mguu wa Haugen

Arne Haugen alijua kabisa kwamba akikosa leo, kesho jina lake litabanduliwa kwenye kabati lake la chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyemwambia, lakini Jumanne kocha Dombrowski alileta vijana wawili kujaribiwa kupiga mpira, wala hakuhangaika kuwaficha. Looo! Mtu umewapigia Wachimbaji wa Duluth mipira mpaka mvi zimekuota, halafu unaletewa warithi ukiwa bado hai!

Msimu wenyewe wa futiboli ya Kimarekani ulikuwa wa vituko. Walianza kwa kufungwa mfululizo, hadi mashabiki wakawa wanakuja uwanjani na mifuko ya karatasi kichwani kwa aibu. Kisha, sijui wazimu gani uliwapanda, wakashinda, wakashinda tena, mpaka mifuko ile ikawashiwa moto wa kuchomea soseji kwenye maegesho. Sasa ilibaki mechi hii moja ya nyumbani na timu ya Tucson. Ukishinda, unaingia mtoano; ukishindwa, unakwenda kuvua samaki kwenye barafu.

Zilibaki sekunde chache, walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na Haugen akipitisha mpira kati ya milingoti ni pointi tatu. Theluji ilikuwa ikianguka tangu asubuhi na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Kwa desturi, mpigaji hasemeshwi kabla ya kupiga. Hukaa pembeni peke yake kama mwenye ndui. Lakini Lavelle Oakes, ambaye kazi yake ni kumshikia mpira chini ili aupige, hajawahi kufunga mdomo tangu azaliwe.

"Mzee, unatetemeka."

"Baridi."

"Baridi wapi, wewe! Babu zako wa Norwei walikuwa wanaoga kwenye barafu. Sema unaogopa."

"Mguu wangu siuogopi hata kidogo. Naogopa pa kukanyagia. Pale hamna ardhi, Lavelle, na hatuna muda wa kuitafuta."

Kweli hawakuwa nao. Yale mapumziko mafupi ambayo kila timu huruhusiwa kuomba walishayatumia yote, na saa ilikuwa inakimbia. Walipoitwa waliingia mbio, wakajipanga, Lavelle akapiga goti kwenye theluji. Haugen akapiga moyo konde.

Filimbi ikalia. Kip Rennard, kocha wa Tucson, alikuwa ameomba mapumziko.

Makocha wote wana tabia hiyo: mpigaji akitaka kupiga tu, wanasimamisha mchezo ili asimame pale ajifikirie mpaka roho imruke. Rennard, mtoto wa jangwani asiyeijua theluji, huifanya hata usingizini. Haugen alimtazama Lavelle, Lavelle akamtazama Haugen, wakaangua kicheko.

"Jamani, katupa muda!" Lavelle akapiga kelele. "Njooni na viatu vyenu!"

Majitu yote ya timu yao yakaja, yakaanza kukwangua theluji kwa miguu, mpaka nyasi zikachungulia.

"Refa, wanalima!" Rennard alifoka.

"Koleo ndiyo marufuku," refa akamjibu. "Miguu ruksa."

Haugen alikanyaga ardhi. Aah, raha iliyoje! Akapiga, na hata hakungoja kuona. Uwanja mzima ulimwambia kwa shangwe.

Dombrowski alimjia huku amevua kofia, macho yakikwepa. "Arne, kuhusu wale vijana wa Jumanne..."

"Waite tu, kocha," Haugen alisema. "Wiki ijayo theluji itazidi. Tutahitaji watu wa kunikwangulia."