Mpini Uliokuwa Dawa

Jina la Msasa alipewa kwa mambo mawili: kazi yake ya kusugua na kunoa visu vya watu, na ulimi wake, ambao ukikupitia unabaki umechubuka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana na meza ndefu iliyojaa makovu. Jiliwa ya kubania vyuma ilikazwa pembeni mwa meza, tupa za kila unene zilining'inia ukutani, na kila kitu kilinuka mafuta ya mashine ambayo wateja waliyalalamikia na yeye hakuyasikia tena. Wengi walimletea visu vya jikoni na vya buchani. Wachache walimletea visu vya kale, wakitaka kujua vimetoka wapi na mpini ni wa nini.

Asubuhi moja aliingia shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Nyuma yake alikuwepo wifi, mke wa mdogo wake Msasa, amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa, kikohozi cha ndani kinachomfanya mtu mzima ashike kifua chake mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuletea kazi ya ukoo."

Akaweka mezani kifurushi cha kitambaa chenye unyevu na kukifungua kwa ncha za vidole. Kabla kisu hakijaonekana chote, Msasa alishaonja ile ladha ulimini: ladha ya kutu na ya tambara bichi. Hakuna mtoto wa ukoo ule aliyekwepa kuionja. Ukipata homa, shangazi anakwangua mpini kwa kipande cha chupa, unga unakorogwa katika maji ya uvuguvugu, unabanwa pua, unameza. Ukitapika, unakorogewa mwingine. Walivyoambiwa, mpini ule ulikuwa pembe ya kifaru, na kifaru mwenyewe aliuawa na babu wa baba yao, mwindaji asiye na mfano, aliyemkabili peke yake kwa mkuki.

"Mtoto ana kifua," shangazi alisema. "Nimeanza kumpa, lakini mkono wangu umechoka na mpini umekuwa mgumu. Wewe una mashine. Nisagie wa kutosha, tumalize shida."

Msasa akamgeukia wifi yake. "Mmempeleka hospitali?"

Wifi akatazama sakafu. "Shangazi alisema tuanze na hii."

Msasa akakichukua kisu. Tangu utu uzima wake alikuwa hajakishika, na sasa alikishika kwa mikono ya fundi. Bapa lilikuwa refu, jembamba, la chuma kizuri kilichopuuzwa. Mpini ulikuwa mweusi wenye wekundu ndani yake, umeliwa katikati kama gunzi la muhindi. Karibu na shingo palikuwa na ufa uliojaa ukungu mweupe. Ulinata. Alipouacha, ulimwachia vidoleni utelezi kama wa sabuni ya jana. Akaunusa, akajuta.

"Shangazi, hii si pembe ya kifaru."

"Umeanza."

"Pembe ya kifaru ni kama nywele zilizoshikana. Ukiitazama kwa karibu unaona nyuzi zimelala pamoja. Hapa hakuna uzi hata mmoja."

"Basi ya ng'ombe! Pembe ni pembe."

"Ya ng'ombe huwa na matabaka. Na mfupa una vitundu vidogo vidogo. Ngoja."

Akapasha sindano kwenye moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu, akaichoma nyuma ya mpini mahali pasipoonekana. Moshi mwembamba ukapanda, na chumba chote kikanuka nywele zilizoungua. Shangazi akapiga makofi.

"Si hiyo pembe! Hata mimi nisiye fundi naijua harufu ya pembe ikiungua!"

Msasa akavuta bakuli la maji. Ni kweli pembe hunuka hivyo, lakini si pembe peke yake. Akauosha mpini kwa brashi ya meno iliyozeeka, uchafu ukashuka mweusi mzito kwenye bakuli, na kidogo kidogo likajitokeza umbo la jani, kisha la pili upande wa nyuma. Akachukua kioo cha kukuzia. Yale majani mawili yalikuwa sawasawa, hadi pengo dogo kwenye ukingo, na hakuna mchongaji anayeweza kukosea mara mbili namna ile ile. Ubavuni palikuwa na mstari mwembamba, mahali zilipokutana nusu mbili za kalibu, chombo cha kuumbia vitu. Na ndani ya ufa, chini ya ukungu, aliona chembechembe za mbao. Vumbi la mbao, limegandishwa ndani ya kitu chekundu.

Hapo akajua. Aliwahi kuletewa kibweta cha wino cha namna hiyo, akasoma habari zake zote. Akaweka kioo chini taratibu.

"Ni damu," akasema.

"Damu gani?"

"Damu ya machinjioni. Zamani, kabla ya plastiki kuenea, kuna viwanda vilikuwa vinachukua damu ya ng'ombe kwa mapipa, wanaichanganya na vumbi la mbao, wanaikausha, halafu wanaishindilia kwenye kalibu ya chuma yenye moto. Inatoka ngumu, nyeusi, inang'aa kama mpingo. Ndicho ulichotukwangulia, shangazi. Tumekunywa damu iliyooza kabla baba hajazaliwa."

Wifi akafumba mdomo kwa kiganja.

"Mwongo!" Shangazi aliruka, akaukamata mpini, akauvuta. Msasa alikuwa bado ameshika bapa. Ufa ukalia kama kokwa linalopasuka, na mpini ukagawanyika mikononi mwao.

Ndani ulikuwa na uwazi. Humo mlimwagika unga wa kutu uliolowana, uvundo wa panya aliyekufa nyuma ya kabati, na funza. Walikuwa wanene, weupe kama wali, wakijikunja na kujikunjua juu ya meza. Mmoja alianguka juu ya kidole cha shangazi, naye akakikung'uta mpaka kikagonga jiliwa. Wifi alikimbilia mlangoni na mtoto wake mgongoni, akainama, wakamsikia akitapika kwenye mfereji wa nje.

Msasa akavuta pumzi kwa mdomo. Kwa ukaidi wa kazi, au labda ili asitazame meza, akalisugua bapa karibu na shingo na kuona muhuri wa kiwanda, mdogo, wa mviringo.

"Kisu chenyewe si cha mwindaji," alisema. "Makali haya hayachuni ngozi. Ni cha mezani, cha kukatia nyama iliyokwisha kuiva, katika nyumba kubwa za watu wenye wapishi. Viliuzwa pamoja, kisu na uma wake."

Shangazi aliacha kukung'uta kidole. "Nani amekwambia habari za uma?"

 Kikongwe yule alijisikia amejifichua, na uso wake ukabadilika.

"Uma upo wapi, shangazi?"

"Niliutupa chooni. Zamani. Watu wangeuliza mwindaji na uma vinahusiana nini." Akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akashusha sauti. "Babu yangu alikuwa mpishi, mwanangu. Mpishi! Anawakatia wenzake nyama mezani, wakishiba anaosha sahani, wakilala anamwaga vyungu vyao vya mkojo. Alipoachishwa kazi akatoka na kisu na uma. Hayo ndiyo unataka watu wayajue? Kinyaa kitupu!"

Msasa alimtazama. Funza walikuwa wanatambaa katikati yao, na mwanamke huyu alikuwa amekunja pua kwa ajili ya mtu aliyeosha sahani.

"Kwa hiyo ulijua hakuna kifaru."

"Dawa ni imani."

"Na wewe mwenyewe? Ulikuwa na homa kama sisi, ukaumwa tumbo kama sisi. Mbona sikuwahi kukuona ukiinywa?"

"Mimi?" Shangazi alishangaa kweli, bila hila yoyote. "Inavyonuka vile?"

   Msasa akavua aproni, akatoka nje, akamshika wifi yake mkono. "Twende hospitali. Sasa hivi."

Shangazi akawafuata, kwa kuwa hakuna aliyemkataza.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi, lakini aliposikiliza kifua cha mtoto usingizi ulimtoka. Mapafu yalikuwa yameanza kujaa. Akauliza mtoto alikuwa anapewa nini nyumbani.

"Maji ya moto tu, daktari," shangazi aliwahi, kwa sauti tamu ya watu wazima wanaoheshimika. "Sisi hatuna mambo ya kienyeji."

Wifi, ambaye tangu aolewe hakuna aliyemsikia akipinga neno la mkubwa, alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Anasema uongo. Tumempa mpini wa kisu. Una damu ndani yake na funza. Nilimshika pua mwenyewe."

Shangazi akanyoosha mikono kumpokea mtoto ili mama ajifute machozi. Wifi akageuka na kumpa mgongo.

Mtoto alilazwa. Alichomwa sindano, akawekewa dripu, akalia usiku na mchana kwa sauti iliyozidi kupata nguvu, mpaka manesi wakasema huyu sasa arudi kwao akawasumbue wenyewe. Alipona.

Msasa alirudi karakana jioni ya siku ile mtoto alipolazwa, akakusanya vipande na wadudu kwa gazeti, akavichoma nyuma ya jengo. Vilinuka nywele, kisha mbao, kisha kitu ambacho hakutaka kukipa jina. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga hadi ikawasha.

Bapa alilirudisha kwa shangazi, limesafishwa, bila mpini. Wakikutana humpa shikamoo, na huulizia afya yake kama inavyopasa. Chai ya nyumba ile hajainywa tena.