Meza ya Dirishani kwa Suresh

Asubuhi ile kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa miguuni mwa Mama Kusum. Alikuwa amevaa viatu vya kufunika. Tangu nianze kazi kwake nilimjua kwa ndala za bluu, ambazo alizivua kila alipoingia jikoni, akapika pekupeku. Siku ile alisimama katikati ya jiko na viatu vyeusi vya kamba, kama mtu aliyepita kusalimia tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Roza. Washa moto. Leo tunapika kila kitu."

Nikajua ni kweli. Watu walikuwa wanasema mjini kwamba jengo la mgahawa limeuzwa, litavunjwa, na Mama Kusum anahamia Dar es Salaam kwa mwanawe Yash. Mimi sikutaka kuamini. Niliwasha moto, nikainama kwenye jiko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, moshi ukanisaidia.

Ule mgahawa ulikuwa na jina kwenye ubao, lakini ubao ulishafutika na jua, na watu walisema kwa Suresh tu. Mzee Suresh alikuwa mume wa Mama Kusum, na mgahawa aliurithi kwa baba yake. Walipika chakula cha kwao Wahindi, bila nyama wala samaki: kachori, bajia, dengu, chapati laini, mtindi, chai ya tangawizi. Katika mji unaonuka samaki, sato wa ziwani, kila kona, watu walijaa pale kula dengu. Walimu walikuja, na makarani, na wafanyakazi wa viwanda vya Nyakato siku za Jumamosi. Waliotoka Bukoba walishuka melini na mizigo yao wakaja moja kwa moja, kwanza kula, ndugu baadaye. Meza zilikuwa za marumaru, zimemomonyoka pembeni, na viti vya mbao vilikuwa vizito hata kuvisogeza ni kazi.

Mama yangu mzazi, Evelina, alikaa pale mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa siku aliyofunga ndoa. Baba alikuwa mvuvi upande wa Kamanga, wakavuka na kivuko, mama akiwa bado na gauni la harusi, amelikunja mkononi lisiguse matope. Baba akamkalisha kwenye meza ya dirishani, ile ambayo ukikaa unaona ziwa kati ya majengo mawili.

"Tuliletewa birika letu wenyewe," mama alikuwa akinisimulia. "Si kikombe kilichochotwa kwenye sufuria. Birika, mwanangu. Na yule mama wa Kihindi akakaa nasi kidogo, akaniuliza jina langu."

Aliisimulia habari hiyo hata alipokuwa mgonjwa. Alipofariki nilikuwa darasa la sita, sikurudi tena shuleni. Baadaye shangazi alinitafutia kazi mjini, akaniambia ni kwa Suresh, nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka kuiona ile meza. Nilitaka siku moja nikae pale, niletewe birika, na mtu akae nami.

Niliifuta kila siku, nikapeleka mabirika pale hadi nikaijua kila alama yake. Sikuwahi kukaa. Hakuna aliyenikataza. Ila wafanyakazi tulikula jikoni, na saa ambazo meza ile ilikuwa wazi, baada ya watu wa mchana kuondoka, Mama Kusum mwenyewe ndiye aliyekaa hapo. Tangu Mzee Suresh afariki alikula peke yake, ameelekea dirishani. Nilikuwa napita na kitambaa changu, nafuta meza ambazo zilishafutwa.

Siku ile ya mwisho watu walijaa hadi barazani. Hapakuwa na tangazo, lakini habari ilifika kila mahali. Mzee Orwa, aliyekuwa fundi wa mitambo melini hadi akastaafu, alikuja kutoka Buzuruga na koti la harusi.

"Mama Kusum, wewe unakwenda Dar, mimi nitakula wapi?"

"Kwa mke wako, Mzee Orwa."

"Mke wangu? Chapati za mke wangu zinafaa kuzibia mtumbwi unaovuja."

Watu wakacheka. Jikoni, Ng'washi akapaza sauti. Yeye ndiye aliyekuwa mkaanga bajia wetu, Msukuma mmoja mwenye mdomo mkubwa kuliko karai lake.

"Mzee, hayo maneno nampelekea mkeo!"

"Mpelekee, Ng'washi. Ila uyafunge na kachori mbili tatu, asije akanipiga."

Mama Kusum alipita na chapati za moto. Kukaribisha kwake kulijulikana mji mzima. Alikuwa hakubali mtu aseme inatosha. Mzee Orwa alifunika sahani kwa mikono yote miwili, akalia kwamba tumbo linapasuka, na Mama Kusum akapenyeza chapati chini ya viganja vyake. "Nusu tu," akasema. Ilikuwa nzima. Mgeni anakataa, yeye anaongeza, mgeni anakataa, yeye anaongeza, na wote wawili wanafurahi.

Nami nilimwelewa, kwa sababu nyumbani tulilelewa hivyo hivyo. Ukikaribishwa chakula kwa watu, unasema nimeshiba. Mwenye nyumba anakukaribisha tena. Unasema asante, nimeshiba kweli. Anakukaribisha mara ya tatu, ndipo unanawa mikono. Anayekaa kwa neno la kwanza, hasa msichana, watu wanauliza kama kwao huwa wanapika.

Mchana ulipopungua, Ng'washi alinikuta nimesimama mlangoni mwa jiko.

"Roza, mbona unaizunguka ile meza kama kuku anayetafuta pa kutagia? Si ukae?"

"Niache bwana."

"Kesho hakuna meza, dada. Wanakuja na nyundo."

"Nikae kama nani?"

"Kama mtu mwenye matako! Wengine wanakaa kama nani?"

Watu wa mwisho waliaga, wengine wakipiga picha kuta kwa simu zao. Nje, Yash alikuwa anapakia masanduku kwenye gari, akitazama saa. Ukumbi ukawa kimya. Ndipo Mama Kusum akatoka jikoni amebeba trei mwenyewe. Akaenda meza ya dirishani. Kwenye trei palikuwa na birika, sahani ya kachori, na vikombe viwili.

Akavipanga. Kimoja upande wake, kimoja upande wa pili.

"Roza, njoo. Kaa hapa, tunywe chai."

Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo miaka yote, na ilipokuja mdomo wangu ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa.

"Asante, Mama. Nimeshiba."

Nikasimama nangoja. Nilikuwa nimeshaanza kukausha mikono kwenye khanga. Nilikuwa nimeshachagua jinsi ya kukivuta kile kiti ili kisipige kelele.

Mama Kusum alinitazama. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la kumwondolea mtu aibu.

"Najua," akasema taratibu. "Chakula bila samaki, kwenu si chakula. Umekivumilia muda mrefu, mwanangu. Si neno."

Akakichukua kile kikombe cha pili, akakigeuza, akakifunika juu ya kisosi chake.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema hapana, Mama, si hivyo. Lakini Yash alikuwa ameshaingia. "Mama, twende, ndege haitatungoja." Mama Kusum akajimiminia chai peke yake, akainywa nusu, haraka haraka. Kachori hakugusa. Alipofika mlangoni aliweka mkono wake kichwani kwangu, akasema maneno ya Kigujarati ambayo siyajui. Mimi nikasema, "Safari njema, Mama." Gari likaondoka.

Ng'washi akatoka jikoni anajifuta mafuta.

"Nilimwona amebeba vikombe viwili. Mmeongea nini?"

"Alinikaribisha chai. Nikasema nimeshiba."

"Nini?"

"Nilikuwa nangoja anikaribishe tena."

Ng'washi akashika kiuno. "Wewe Roza! Angekulazimisha? Wageni anawalazimisha kwa sababu anajua wanataka. Wewe hujawahi hata kukaa humu ndani! Amefikiri hutaki kukaa naye. Mama wa watu ameondoka anafikiri hivyo."

Aliona uso wangu, akapunguza sauti. Akanivutia kiti. "Kaa basi. Kachori hizi hapa, chai ipo."

Nikakaa. Ziwa lilionekana, kipande chembamba, na kivuko kilikuwa kinakwenda. Ng'washi alinimiminia chai kwenye kikombe kingine, kwa sababu sikumruhusu aguse kile kilichofunikwa. Chai ilikuwa tamu. Sikuweza kuimaliza.

Sasa pale pamezungushwa mabati, na nyuma ya mabati nondo zinapanda. Mimi na Ng'washi tunakaanga bajia Buzuruga, karibu na stendi. Wateja wetu hula wamesimama. Wengine wakionja husema, hizi kama za kwa Suresh, na Ng'washi huwajibu kwamba ndizo hizo hizo, tofauti ni kiti tu. Mimi huendelea kukata vitunguu.

Mama Kusum hupiga simu siku za Jumapili. Anaishi ghorofani, anasema joto la Dar halina adabu. Yash na mkewe wanatoka asubuhi wanarudi usiku, wajukuu wanakula wakiangalia simu. Anauliza habari za Mzee Orwa, na za mvua, na kama samaki wamepatikana. Mimi hujibu nzuri, Mama, zipo, Mama, tunashukuru. Halafu panakuwa na kimya, kila mtu anangoja mwenzake akate.

Jumapili iliyopita kimya kile kilikuja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda, simu sikioni, nasikia feni yake ikizunguka huko aliko.

"Haya, Roza," akasema. "Nisikucheleweshe."

"Mama," nikasema. "Siku ile sikuwa nimeshiba. Nilitaka kukaa na wewe."